Vipimo vya Bendi

Daftari langu la vipimo lina kurasa zao tisa.
Chande, mwimbaji: kifua arobaini, bega la kushoto limeshuka kidogo.
Ngwali, gitaa la solo: mkono mmoja mrefu, usimwambie.
Lugome wa tarumbeta: kiuno thelathini na mbili,
halafu thelathini na nne, halafu nimefuta,
halafu kalamu iliisha wino.

Miaka ishirini na mbili nimewashonea sare Kibangu Jazz
hapa Magomeni Mapipa, kwenye kibaraza cha duka la vifungo.
Suti za rangi ya maini, mwaka wa mashindano.
Kaunda suti za kijivu za safari ya Tabora,
zikarudi na vumbi ambalo halikutoka hata kwa magadi.
Mashati ya kitenge, mfuko mmoja tu,
maana wa pili Chande angeficha sigara.

Ijumaa Shukuru, anayejifunza kwangu, kaniletea simu.
"Fundi, watu wako wametoa albamu."
Inaitwa *Sasa Hivi*.
Kwenye picha wamesimama wanne. Nikahesabu tena.
Wanne.
Suruali zimepasuka magotini,
zimenunuliwa zikiwa zimepasuka.
Nimeukagua ule mpasuko kama daktari:
hauna hata pindo.

Wimbo wa kwanza, dakika mbili na nusu.
Zamani dakika mbili na nusu
Ngwali alikuwa bado anakaza nyuzi,
bado anamuuliza mwenye ukumbi habari za mkewe.
Sauti ya Chande wameipiga pasi
mpaka mikunjo yote imetoka,
na mimi nilimpenda kwa mikunjo.
Tarumbeta hakuna. Pale ilipokuwa inaingia
kuna kitu kinalia kama mlango wa friji ulioachwa wazi.

Wimbo wa tatu ni mzuri.
Nasema hivyo na hasira zangu zote.
Umeme ulikatika katikati yake, simu ikaendelea,
na mguu wangu ukaendelea juu ya kanyagio la cherehani
bila kitambaa, bila uzi,
Shukuru akitazama pembeni kwa adabu.

Lakini ule wa sita.
Ule wa sita ni wimbo wetu wa zamani wameugeuza.
Kwenye chemko, mtu akifika na kreti ya bia
alitajwa jina, tajiri wa mkaa alitajwa,
na mara moja tu, usiku wa suti za maini,
Chande alisema: *Fundi Mwinchumu wa Mapipa!*
Jina lile nimeishi nalo kama cheti.

Limo. Hawakulitoa.
Wamelikata.
*Mwi, Mwi, Mwi-mwi-nchu,*
juu ya ngoma ya mashine,
kama vipande vinavyobaki chini ya meza
nikishamaliza koti la mtu.
Na sasa watoto wa shule wakipita na madaftari kichwani
wananichezea mabega: Mwi! Mwi!
Hawajui ni mimi. Wanadhani ni mlio tu.

Ningekasirika vizuri zaidi
kama nisingekuwa na mkasi mkononi.

Jumatatu Lugome akaja, peke yake,
na suti ya maini ndani ya mfuko wa rambo.
Anapiga kwenye harusi siku hizi, Mbagala, Gongo la Mboto,
wanataka aliyevaa suti.
"Ipunguze, fundi."
Nikamzungushia futi. Thelathini.
Sikuisema kwa sauti.
Akauliza, "Umeisikia?"
"Nimeisikia."
"Wa tatu," akasema, akitazama barabarani.
"Eeh. Wa tatu."

Tukanyamaza. Upande wa pili wa barabara
fundi redio alikuwa anajaribu spika.
Nikamwambia Shukuru alete kalamu,
yoyote ile, hata ya penseli.