Chumba cha Giza, Ibra

Nusu saa tumekaa gizani, mimi na shangazi Zuwena,
matone yamepanua mboni, uzi wa fedha chini ya kope.
Ananiuliza, kwa kile Kiswahili cha sebuleni
ambacho Ibra haijakiotesha kutu:
"Mashine yako inangoja nini?"

Inangoja vijiti vyako, shangazi,
vile vijiti vya jicho vinavyokesha.
Gizani malango yao yako wazi,
chumvi inaingia bila hodi,
potasiamu inatokea mlango wa nyuma,
ndiyo maana usiku hawaishi kusema.

"Na mwanga ukija, hufungua zaidi?"

Hapana. Hufunga.

Kimya. Nasikia bangili zake.

Hufunga, na seli inazama, inanyamaza,
na kunyamaza huko ndiko kuona.

Nabonyeza. Mmweko mmoja,
hafifu kuliko sigara ya jirani juu ya paa.
Kwa mtu mwingine mstari ungetumbukia,
kisha, kabla haujagusa chini,
malango mengine, yasiyofunguka
mpaka seli izidi kuzama,
yangeudaka na kuurudisha juu.
Bila hayo mmweko hukawia kuondoka,
nyota ya kwanza ikaiziba ya pili.

Wake umetikisika tu,
kama mtu aliyeitikia usingizini.

"Basi vyangu," anasema, "vimesahau kunyamaza?"

Sikumjibu. Nilimfuta gundi kwenye paji.
Ukumbini, palipo na kiza, alinishika kiwiko.
Tulipofika juani akaniachia.