Muhuri wa Kurejesha

Muhuri ninao bado, kwenye mtoto wa meza.
Tarehe yake imekwama: kumi na nne Machi.
Siku hiyo ndipo kitabu cha mwisho kilipotoka mlangoni humu,
nacho kikarudi jioni ile ile,
kwa kuwa Mwinyihaji alikitakia kuinulia kompyuta,
shingo isimuume.

Nilicheka. Sheria za Bandari, kurasa mia tisa,
jalada nililolishona mwenyewe
kwa uzi wa katani na gundi ya unga,
likawa kigoda.

Wameng'oa rafu za ghorofa ya chini.
Mafundi waliingia Jumatatu na nyundo zao,
ilipofika Alhamisi, palipokuwa Historia
pana soketi arubaini,
na pale pa Ushairi pana mashine ya kahawa
inayokoroma kama mwenye pumu.
Mkuu wa chuo akakata utepe. Akasema: kitovu cha maarifa.
Mimi macho yangu yalikuwa sakafuni.
Alama za rafu zingalipo,
miraba myeupe kwenye saruji,
kama ukutani ilipoondolewa picha ya marehemu.

Mimi, Mwanasiti binti Kombo, wa Mwembe Tayari,
niliingia jengo hili na fagio.
Vitabu nilianza kwa kuvipangusa vumbi,
nikaja kuvifungua kwa wizi, saa ya chakula,
neno moja moja, kama achambuaye mchele.
Hakuna aliyenifundisha. Kuta zilinistahi.
Kuta za matumbawe, unene wa dhiraa mbili:
nje Tudor yote inawaka jua,
humu ndani ubaridi wa mtungi.

Basi nikasema, limekufa.
Mtungi usio maji ni udongo.

Nikasema hivyo miezi mitatu,
kwa kila aliyenisikiliza na asiyenisikiliza,
hata siku nilipochoka kusema
nikaanza kuwatazama wanaokuja.

Yuko Zuhura Mwachiro, wa uuguzi.
Hufika kabla sijatia ufunguo.
Kwao Mikindani wako saba chumba kimoja,
wa nane ni redio ya jirani.
Akishaketi hafungui kitu.
Hulala kwanza, dakika ishirini, shavu juu ya meza,
kisha huanza mifupa mia mbili na sita,
midomo ikienda, sauti haitoki.

Yuko Kitsao.
Shahada yake nzima imo ndani ya simu iliyopasuka kioo.
Mwalimu wake yuko Nakuru,
hajapata kumwona chini ya kidevu.
Saa mbili usiku nikifunga, Kitsao haendi kwao,
hukaa vidatuni, nje, na mbu wake,
akiuvizia mtandao.
Lakini kuta zetu, hizo hizo nilizozisifu,
haziupitishi.

Kwa hiyo siku hizi naacha dirisha la mashariki wazi,
na ile mashine yenye vitaa vya kijani
siizimi.
Mhasibu hajajua. Akijua, nitamwambia nimesahau,
mimi mtu mzima.

Wiki iliyopita Zuhura alinikuta natafuta pini.
Akauona muhuri. "Bi Siti, hiki cha nini?"
Nikamweleza: mtu huazima, hupigiwa siku ya kurudi,
akichelewa hulipa.
Akanyoosha kiganja.
"Basi nipige."

Gurudumu la tarehe lilikuwa na kutu.
Nikalitemea mate kidogo, nikalizungusha
likavuka Machi, likavuka yote yale,
nikampiga chini ya kidole gumba:
REJESHA KABLA YA IJUMAA.

Hakuja Ijumaa. Hakuja Jumamosi.
Jumatatu ndiyo hiyo, yuko mlangoni, wino umeshatoka kwa jasho,
mtihani umepita, hajui umepita vipi.
"Umechelewa," nikamwambia. "Kuna faini."
Akapekua mkoba, akatoa mabuyu ya shilingi kumi.

Tukala pale pale kaunta, palipoandikwa
MARUFUKU KULA.
Sheria za Bandari ilikuwa imelala wazi mbele yetu.
Ukurasa wa mia nne na kumi sasa
una alama ya kidole, nyekundu.
Sijui ya nani.
Sikuifuta.