Vema ya Saa Kumi

Karatasi inaning'inia miguuni pa kitanda,
imefungwa kwa uzi wa bandeji.
Saa mbili, saa tatu, saa nne, hadi kunakucha,
na mbele ya kila saa kisanduku kitupu
kinangoja vema yangu.

Sista Bertila Nyangeta alizileta mwezi wa Machi
baada ya mzee wa Ukara kuanguka akienda msalani,
nyonga ikavunjika wiki ileile ambayo angeruhusiwa.
"Hakuita," tulisema.
"Hamkupita," alisema,
akatugawia kalamu.

Maswali manne. Tuliyakariri kama watoto wa chekechea:
Unaumwa wapi? Unataka kwenda haja?
Nikugeuze? Maji yako unayafikia?
Tulinung'unika. Wagonjwa thelathini na wanane,
wauguzi wawili, mmoja wao mimi,
na godoro la sakafuni lisilo hata na namba.
Nikasema, hizi ni karatasi za kumfurahisha mkaguzi.

Lakini miguu hujifunza kabla ya moyo.
Kwa kupita nikajua kwamba Bugumba, kijana wa machimboni,
huuma shuka asisikike akilia;
kwamba kitanda cha tisa hulala macho wazi;
kwamba bibi wa kumi na mbili haigusi kengele
(na kengele zinazolia ni mbili tu wodini),
anaona haya kumwita binti wa mwenzake
amletee beseni.
Ukifika bila kuitwa, anaomba.

Kisha usiku wa mvua ile.
Ilitoka ziwani imesimama wima, ikapiga majabali ya Igogo,
umeme ukaenda, jenereta likakohoa, likakubali.
Tukapokea watatu wa pikipiki kutoka Nyakato, matope na damu.
Saa tisa nilipita.
Saa kumi nilikaa.
Nilikaa tu. Kiti cha plastiki, chai iliyopoa,
mikono yangu magotini kama ya mtu mwingine.

Saa kumi na moja nikazunguka,
nikaweka vema mbilimbili kila kitanda,
moja ya saa hiyo, moja ya ile iliyopita.
Wino ni uleule. Nani atajua?

"Saa kumi hukuja."
Nyamizi binti Lushinge, kitanda cha kumi na mbili,
muuza dagaa wa Kirumba.
Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesema mvua imekatika.
"Kiatu chako cha kushoto kinafyonza sakafu. Nilikuwa nakisikilizia.
Nilijibana nikikingoja. Si ulisema kila saa?"

Shuka lilikuwa limelowa.

Nilimgeuza, nikamfuta, nikatandika kavu.
Alitazama dirishani, kule karabai za ziwani
zilikokuwa zikizimwa mojamoja.
"Dagaa nimewapima miaka arobaini," alisema.
"Kusoma sijui. Lakini kopo lililobonyezwa kitako
nalijua kwa mkono, hata gizani."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kalamu.
Nikapiga mstari juu ya vema ile,
nikaandika pembeni: Sikupita.
Nikatia sahihi.
Kisha vitanda vingine, kimoja kimoja: Sikupita. Sikupita.

Sista Bertila alizisoma asubuhi amesimama,
miwani juu ya paji la uso, kama vile hazihitaji miwani.
Hakuniita ofisini.
Jioni nilimkuta wodini amevaa raba,
vitanda ishirini vya mwanzo amejipangia mwenyewe.
"Mpaka watuletee wa tatu," alisema,
wala hakuniambia barua ameiandika mara ngapi.

Bibi aliruhusiwa Alhamisi. Aliniachia kopo, tupu,
kitako chake kimenyooka.
Naweka kalamu humo.

Na kiatu cha kushoto bado kinafyonza.
Fundi wa Mlango Mmoja alitaka kukitia gundi.
Nikamwambia akiache.