Wazi Kushoto

Nasimama juu ya paa la jukwaa, redio sikioni,
mimi dada yako, jicho lako la pili.
Ndani ya gari lile huna shingo ya kugeuka,
kofia imekubana, wavu umeziba dirisha,
kwa hiyo unaona kwa mdomo wangu:
Yupo nje. Bado yupo nje. Nusu gari. Wazi.

Merritt, kitinda mimba wa Hollis Stamper
mkata magogo wa milima ya Tennessee,
ulianza na miaka saba
kwenye kigari kisichomfika baba magotini,
injini ya mashine ya kukatia nyasi,
uwanja wa udongo mwekundu nyuma ya ghala la tumbaku.
Jumamosi ya kwanza ulirudi na meno mekundu.
Mama alikuogesha uani kwa mpira wa maji,
ukalala umeshika usukani wa hewa,
mikono ikikata kushoto,
kushoto,
kushoto.

Wapo wasiopokea kitu kwa mkono huo.
Wewe kila ulichopewa kilitokea upande huo:
kona, kikombe cha plastiki, kovu la kidevuni,
na Odessa wa dirisha la tiketi
aliyekupenda msimu mmoja na robo
akaondoka, kwa sababu, alisema,
unaendesha hata ukiwa mezani.

Baba aliuza trekta la kuvutia magogo,
tukanunua matairi.
Akauza ekari sita za kando ya kijito,
tukanunua injini, nayo ikapasuka mwezi Mei
ikamwaga mafuta kama nguruwe aliyechinjwa.
Hakusema kitu. Alikaa juu ya ndoo
akavichambua vipande kimoja kimoja,
kama mtu anayetafuta mawe kwenye maharage.

Kisha Charlotte wakakuita, una miaka kumi na tisa.
Kampuni ya chakula cha kuku ikachora jogoo wa manjano
kwenye boneti yako,
na watu wasiotujua wakavaa fulana
zenye uso wako, hata chunusi zako.
Usiku ule wa Agosti uwanja ulikuwa bakuli,
nasi tumo ndani yake tunachemka.
Imebaki mizunguko mitatu.
Nikasema: Wazi kushoto.
Ukaingia pale nilipopafungua kwa neno,
upenyo ambao hata mimi, kusema kweli,
sikuwa na hakika nao.
Ukamaliza wa pili. Wa pili!
Baba alilia mpaka akavua kofia akajifutia.

Wa pili hulipwa kwa kupigwapigwa bega.
Desemba bei ya kuku ilianguka,
na mwenye timu akakutazama kwa huruma ya kweli:
Kipaji unacho, mwanangu,
ila kipaji hakijazi tangi.
Alikuja kijana wa Arizona na hundi ya baba yake.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni;
zako zilikuwa za duara, zikaishia ofisini.

Kiti wakaking'oa, maana kilifinyangwa kwa mgongo wako,
hakimfai mwingine. Wakatuletea ndani ya boksi.
Sasa kipo barazani. Baba hukikalia
akila karanga za kuchemsha,
mbavu zake hazienei vizuri,
na hataki kiti kingine.

Una miaka ishirini na mitatu. Unaendesha lori
linalobeba gari la yule kijana,
jogoo yuleyule amelala nyuma yako gizani.
Jumamosi usizokuwa na safari
unarudi kwenye udongo mwekundu.
Pale hakuna paa, na redio haziruhusiwi.
Nasimama juu ya pikapu, midomo inanicheza bure.

Juzi ulinipigia kutoka Kansas, saa tisa usiku.
Dada, barabara hii imenyooka tangu jioni.
Sijui niiweke wapi mikono.
Nikaketi kitandani.
Nani yupo nyuma yako?
Tela la maziwa. Na mvua.
Nje au ndani?
Ukacheka kidogo. Nje.
Basi mshikilie hapohapo, nikasema,
nikaanza kuvaa viatu, gizani,
sijui naenda wapi.