Birika la Mama Mkubwa

Mwaka wa tatu chuoni, mwalimu Kabwit alituambia:
kila mmoja alete bamba la shaba,
tuchore kwa sindano, tindikali imalizie.
Tukatazamana.
Lubumbashi hii, shaba hupita usiku kwa malori,
imefunikwa turubai kama maiti ya tajiri,
ikishuka Kasumbalesa,
nasi wanafunzi kumi na mmoja
hatuna hata ya kuziba jino.

Chansa alileta zinki. Mwingine, bati la paa lenye tundu la msumari.
Mimi nikaenda Katuba kwa mama mkubwa Mujinga
kuomba birika lake la shaba, lililovuja tangu nikiwa darasa la pili.
Akalipangusa kwanza kwa kitenge.
“Utanirudishia?”
Nikasema ndiyo, upesi,
kama mtu anayevuka barabara bila kutazama.

Fundi wa Soko la Kenya alilipasua ubavuni,
akalilaza, akaligonga.
Halikunyooka sawasawa. Shaba ina kumbukumbu ya maji.

Kwenye fomu ya maonyesho waliuliza: nani wamekuathiri?
Niliandika majina mawili ya kigeni
niliyoyakuta katika kitabu kisicho na jalada.
Nikayafuta.

Wa kwanza ni mamba-muntu wa sebuleni Katuba,
mwanamke-samaki mwenye saa ya mkono,
kazi ya mchoraji aliyepita na picha kwapani
akiuza kwa mkopo.
Nilimwogopa. Kila nikipita nilifumba jicho moja.
Lile jingine nililiacha wazi:
nadhani hapo ndipo nilipoanza kusoma sanaa.

Wa pili ni Ngoie, mwandika vibao vya vinyozi.
Vichwa vyake sita, mitindo sita ya nywele,
na shingo moja tu, ileile, sita mara.
Nilipomuuliza alisafisha brashi, akakawia.
“Ndiyo shingo ninayoikumbuka,” akasema.
Sikuuliza ya nani.

Wa tatu simjui. Ukumbi wa mjini, kadi za mwaliko;
niliingia nimebeba viti pamoja na wabeba viti.
Turubai moja, jekundu, ukuta mzima,
hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna hata mstari.
Nilikasirika. Nauli yangu yote, kwa wekundu!
Nikarudi kesho yake kukasirika vizuri zaidi.
Siku ya tatu, mlinzi akikohoa nitoke,
niliona nguo za Ruashi mwezi wa nane,
zilizofuliwa nyeupe asubuhi
na kuanuliwa jioni zikiwa na rangi ya barabara.
Labda mchoraji hakuwahi kufika Ruashi.
Hilo ni lake.

Basi nikachora mikono ya mama mkubwa
ikimimina chai, bila birika.
Kwenye mashine ya kuchapia, makovu ya nyundo
yalinywa wino, yakatoka kijivu,
mvuke juu ya vikombe ambao sikuuchora.
Mwalimu alisema: kosa.
Alizunguka meza, akarudi.
Akasema: usiliguse.

Siku ya maonyesho alikuja na viatu vya kanisani.
Wageni walishika bilauri, wakiipa picha mgongo.
Yeye alisimama mbele yake kama mbele ya dirisha la benki.
“Birika yangu iko wapi?”
“Ni hii, mama.”
“Hapana. Hii ni karatasi.”
Akauliza bei. Nikamtajia.
“Kwa hii bei nitapata birika tatu.”
Lakini hakuondoka. Aliweka kidole juu ya kioo,
pale ambapo mdomo wa birika ungekuwa,
akakiondoa haraka, kama aliyeungua.

Nakala moja iko kwake, kando ya mamba-muntu,
imeenda upande kidogo. Hataki niinyooshe.
Bamba lenyewe nimelificha chini ya godoro.
Mnunua vyuma alilipima kwa kiganja:
nusu kilo, akasema, na mikwaruzo yake.
Sijauza.
Jumapili ameuliza tena habari ya birika.
Nimeanza kuweka akiba kwenye kopo la rangi.