Kipande cha Solveig

Likizo ya siku tisa, na Kombo mume wangu
hakutaka ziwa, hakutaka maporomoko.
Alitaka pai.
Kipande kimoja tu, alisema, cha kuituliza roho,
na alisema hivyo Duluth, uma mkononi,
akiyasukuma pembeni matufaha
yaliyokuwa yakiogelea katika uji wa sukari.
"Hii imepikwa na mtu anayetazama saa."

Tukashika barabara ya kaskazini,
ziwa kulia, misonobari kushoto,
na kwenye dashibodi daftari lake dogo
ambamo kila pai iliandikiwa hukumu.
Bluberi: ganda gumu, lingefaa kuezekea banda.
Cheri: nyekundu kuliko ukweli.
Ndimu: povu jingi, kama hotuba ya mgeni rasmi.
Mimi nilikuwa dereva, na mlipaji.
Mchagua nazi hupata koroma, nikamwambia.
Akasema hata koroma haijawahi kumuumiza jino.

Siku ya saba, Grand Marais, manyunyu.
Kanisa la mbao, magari yamejipanga hadi barabarani,
mlango wa ukumbi wa chini uko wazi
na kutoka humo harufu ya siagi iliyokaribia kuungua,
ikakoma pale pale ilipotakiwa kukoma.
"Harambee," akasema Kombo. "Wanauza."
Mkanda alikwisha kuufungua kabla sijasimamisha gari.

Ndani, meza ndefu, birika la kahawa,
watu wanaongea kama walio karibu na mtoto aliyelala.
Sikuona bei popote.
Kombo akaweka dola ishirini kando ya sahani.
Mwanamke wa sweta ya kijivu akazichukua,
akazirudisha kiganjani mwake, akamkunja vidole
kama unavyomfumbatisha mtoto nauli.
"Leo hakuna kuuza. Mlimfahamu Solveig?"

Ndipo nikaiona picha katikati ya maua:
bibi mwenye miwani mikubwa, unga kwenye kola.
Niliomba ardhi ipasuke.
Na Kombo, mwenye neno kwa kila jambo,
akasema "pole", kwa Kiswahili, mara mbili,
na yule mwanamke akaipokea
kana kwamba tangu asubuhi alikuwa akingoja
lugha yoyote isiyokuwa yake.

"Basi ketini. Hii aliipika Juni,
akaiweka kwenye friza. Ndiyo ya mwisho.
Tumekubaliana isilale."

Ilikuwa ya vile vijiti vyekundu wanavyopanda nyuma ya nyumba,
vichachu kama ukwaju, vinavyoyavuta mashavu ndani.
Uchachu ulitangulia, hodi bila adabu,
halafu utamu, taratibu,
mwendo wa mtu aliyechelewa kurudi
na hataki kuwaamsha wenyewe.
Ganda likakatika kwa sauti, kisha likawa si kitu.
Chumvi ilikuwamo. Kidogo. Mahali fulani.
Kwetu pia tunakula pilau ya hitima,
tunausifu mchele, kisha tunaona haya kuusifu.

"Alitia nini?" Kombo akauliza, chini kwa chini.
Mwanamke akacheka. "Tumemuuliza miaka arobaini."
Cheko likamgeukia kooni,
akaenda kutazama kahawa ambayo haikuhitaji kutazamwa.

Kombo akaokota chembe zote kwa ncha ya kidole,
moja moja, hadi ua lililochorwa kwenye sahani likaonekana lote.
Zile dola nilizikuta baadaye zimefichwa chini ya kisosi changu.
Sijui nani aliziweka. Nikaziacha.

Garini daftari lilikuwa magotini mwake,
kalamu imefunguliwa, na wipa zinahesabu.
Tukafika tulipopanga bila yeye kuandika kitu.

Siku mbili zilizobaki aliagiza mayai.
Mhudumu mmoja akauliza, "Na pai? Imetoka sasa hivi."
Kombo akageukia dirishani
kama mtu aliyesikia akiitwa.