Mtu Ambaye

Shamsa ana miaka mitano, na husema,
"Mama, mtu nani alileta barua amesahau mwavuli."
Najua kosa hilo limetoka wapi.
Shuleni wanalo neno moja tu, linafanya kazi mbili:
asubuhi linauliza, jioni linaeleza,
kama mimi na zamu zangu za hospitali.

Kwetu kazi hizo zimegawanywa.
Nani anauliza; akishauliza, hupumzika.
Anayeeleza ni mdogo, hana hata kiti chake,
hujibana katikati ya kitenzi
kama mtoto aliyelala kati ya wazazi wawili:
ukimtoa, kitanda kizima kinapoa.

Basi Jumapili tunakunja nguo.
Hita imewaka, dirisha linatoka jasho,
huko nje Hull imejikunyata kwa mvua.
Nainua soksi. Soksi gani hii?
"Soksi imetoboka."
Soksi i-li-yo-toboka. Ya nani?
"Ya baba!" Anacheka mpaka anaangukia kapu.
Sweta lililorudi. Kifungo kilichong'oka.
Mwavuli uliopinduka, ule wa mleta barua,
bado uko mlangoni, mwenyewe hajaufuata.
Nikimwuliza wapi, ananyoosha kidole.
Nikimwuliza lini, kila kitu kilitokea jana,
hata kuzaliwa kwake.
Kwa nini ni silaha yake yeye,
hunipiga nayo tangu uji mpaka kitanda.

Miezi miwili. Cho na lo zilikuja zenyewe.
Ye aligoma, ye wa watu.
Nikasema tumwache, atakuja akitaka.

Akaja Jumanne, Barabara ya Beverley,
mkono wa Shamsa ndani ya mfuko wa koti langu.
"Mama, yule mwanamke uliyemsalimia
akanyamaza, ni nani?"

Uliyemsalimia.
U na li na ye na m, kila mmoja mahali pake,
na nani kule mwishoni, anakopaswa kukaa.
Nilitaka kumnyanyua juu, nimpigie vigelegele
mbele ya duka la samaki na chipsi.
Kisha swali lenyewe likanifikia,
polepole, kama maji yanavyoingia kiatuni.

Ni mtu, nikasema, ambaye.
Tukavuka kwenye taa. Ambaye.
Tukampita kinyozi, tukapita kituo cha basi,
na ambaye bado mdomoni mwangu,
kama mtu aliyeinua ncha moja ya kabati
anamngoja mwenzake ashike ya pili.

"Ambaye hakusikia?" akauliza Shamsa.

Gari likapita, likaturushia maji.
Ndiyo, nikasema. Au sijui. Vema, mwanangu,
sentensi yako haina kosa.
Tukifika nyumbani tuutengeneze ule mwavuli.
Ule wa nani vile?

"Wa mtu aliyeleta barua," akasema bila kunitazama,
akaruka kidimbwi ambacho mimi sikukiona.